Waya wa Theluji Uliogoma Al Quoz

Ujuaji wangu umenigharimu dirham mia mbili na hamsini, nimezihesabu mara mbili. Karakana yetu ya Al Quoz, Dubai, ililetewa waya wa umeme wa kuyeyusha theluji, wa bustani ya barafu ya watoto. Nikaupima mara mbili: haujakatika, umeme unafika kwenye mtambo unaouwasha, ila haupati moto.

"Sir, umekufa," nikamwapia bosi wangu. "Nikikosea, mpya nalipa mimi."

Nikanunua mwingine, nikishusha bei kutoka mia nne hadi hizo mia mbili na hamsini. Nikauunga kwenye mtambo uleule, kando ya ule wa zamani. Nao baridi!

Wanjiru, mlinzi wetu Mkenya, akaweka glasi yake ya juisi ya barafu juu ya kipimajoto cha mtambo. Taa ikawaka, nyaya zote mbili zikapata moto.

"Fundi, si hii kitu hungoja baridi? Na hapa ni digrii arobaini!"

Nyuma yangu sir akacheka. "Khalas, yamekwisha, huo mpya ni wako."

Duka halirudishi pesa. Jamani nishaurini: nani hapa Dubai ana theluji mlangoni?