Mabega Yangu na Ufito wa Mwalimu

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni, hapa Masasi, na kipande cha bomba la plastiki, lile jembamba la kupitishia nyaya za umeme. Akalishika kwa mikono miwili mbele ya mapaja, akalipandisha juu ya kichwa, akajaribu kulishusha mgongoni bila kukunja viwiko. Likakwama utosini.

"Mama, mwalimu wa sarakasi anasema tufanye hivi kila siku. Ulishawahi kuona kitu kama hiki?"

Nilicheka mpaka kisamvu kikataka kuungulia jikoni. Nimekiona, mwanangu. Na wewe msomaji, sogea nikusimulie.

Nililelewa Mkunya, kule Newala, na bibi mzaa mama. Shuleni kwetu mwalimu wa michezo alitufundisha halaiki, yale mazoezi ya watoto wengi uwanjani mbele ya wageni, wote wakiinuka na kuinama kama mtu mmoja. Mwaka ule shule yetu iliitwa kuionyesha mjini Newala, na kilele kilikuwa daraja: unalala chali, unasukuma ardhi kwa viganja na nyayo, tumbo linapanda, mwili unakuwa upinde. Wengi hudhani daraja ni mgongo. Mwalimu alisema ni mabega. Asiyeweza kuupitisha ufito kutoka mbele mpaka nyuma, mikono imenyooka, hakuingia.

Mimi ufito ulinigomea. "Mabega yako wewe," mwalimu alisema, "yamefungwa kama ghala la korosho msimu ukiisha." Watoto wakaangua kicheko. Binti wa jirani yetu, rika langu, aliupitisha kama anayevua kanga. Sikumwonea wivu sana, nilishangaa. Tulikunywa maji ya ndoo moja, tulikula ugali wa muhogo ule ule. Yeye begani ana nini ambacho mimi sina?

Alasiri moja, kwenye mikorosho yetu, mabibo yamedondoka yananukia uchachu, nililala kifudifudi nikamwambia yule binti wa jirani akae mgongoni kwangu, anivute mikono kwa nyuma.

"Utaumia," alisema.

"Vuta tu."

Akavuta. Kitu kikalia ka! ndani ya bega, moto ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Nikameza kilio, na nyumbani sikusema neno. Ila kesho yake nilipoanza kutwanga makopa, ule muhogo mkavu, bibi akatoka jikoni bila hata kuniangalia usoni.

"Mke mwenzangu, tangu lini mchi unashikwa kwa mkono mmoja?"

Nikaungama yote. Alinikanda kwa kitambaa cha maji moto ya chumvi, akanikataza mchi, ndoo na ufito mpaka bega lipoe. Siku zote hizo maji aliyabeba mwenyewe, na umri ule. "Kiungo hakipigiwi hodi kwa teke," alikuwa akisema kila akinikanda. Nami kila akisema nilizidi kujiuliza: sasa kinapigiwaje?

Jibu nilianza kulipata siku ya sikukuu. Bibi alichinja kuku, akamtia kwenye maji moto, tukamnyonyoa. Nikaliomba bawa kabla halijaingia chunguni, nikaanza kulizungusha, kulipindua, kulichungulia.

"Unatafuta nini kwa huyo kuku?" bibi aliuliza. "Amemeza pete?"

"Natafuta bega lake."

Nililipata. Kichwa cha mfupa kilikuwa cha mviringo kama njugu mawe, kimekaa kwenye kishimo chake, kimezungukwa na kano nyeupe. Lilipotoka kwenye maji moto, bawa lilizunguka lilivyotaka. Lilipopoa, lilikaza. Nikakaa nalo mpaka bibi akaninyang'anya, maana wageni walikuwa wanakuja na chungu kilikuwa kinasubiri.

Bega lilipopona nikaanza uchunguzi wangu. Asubuhi, kabla ya kazi, ufito uliishia kwenye paji la uso. Baada ya kutwanga, jasho likinitoka, ulivuka utosi. Nikaanza kuushika mikono ikiwa mbali sana, nikatia alama ya mkaa, kisha nikawa naisogeza mikono karibu kwa upana wa kidole kimoja, siku kwa siku. Ukiuma, narudi nyuma. Siku ulipopita mpaka mgongoni nilipiga kelele, kuku wakatawanyika uani.

Nikamfuata mwalimu. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Bega limepona?"

"Limepona. Mwalimu, mtu akitwanga kwanza, linafunguka."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nirudie, nikarudia, nikamweleza mpaka habari za kuku. Tangu siku ile tulikimbia kwanza kuzunguka uwanja, tukarusha mikono juu na chini kama tunaotwanga kinu kisichokuwepo, ndipo ufito ukaletwa. Na kuvutana mikono kukapigwa marufuku.

Siku ya kuchaguliwa niliupitisha ufito. Lakini daraja langu lilikuwa fupi, na mwalimu akanipanga mstari wa mwisho, nyuma ya wavulana warefu, mahali ambapo mgeni asingeniona hata akisimama juu ya kiti. Niliona haya. Nyumbani nikasema nimepangwa mbele.

Siku yenyewe filimbi ikalia, tukapanda juu wote. Sasa, mtu akiwa kwenye daraja kichwa chake kinaning'inia, macho yanatazama nyuma, dunia imepinduka. Wa mbele waliona miguu ya wenzao. Mimi nyuma yangu hapakuwa na mtoto mwingine. Palikuwa na majani, ua wa miti, na bibi yangu, kichwa chini miguu juu, amesimama peke yake kwa kanga yake mpya. Wageni na wazazi wote walikuwa upande wa pili. Yeye alikuwa ameuzunguka uwanja mzima. Alinitazama mpaka filimbi ya pili.

Njiani kurudi alisifia daraja langu, akanimenyea korosho za kubanika. Hakuutaja uongo wangu, na mimi sikuthubutu kumwuliza amejuaje.

Siku hizi halaiki za namna ile ni nadra. Mwalimu alihamishwa, sikupata tena habari zake. Binti wa jirani aliolewa mbali, na nilipompigia simu juzi aliapa kwamba hakumwambia bibi chochote. Bibi tumeshamzika. Nimebaki na swali hilo moja, na wote waliobaki nimeshawauliza.