Kichuguu Kilichonyolewa

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi, ndipo tulipojua kwamba kichuguu chetu kimekufa. Naikumbuka siku ile vizuri, mwanangu, na nataka nikusimulie, maana nasikia umepewa shamba lako huko Titye na umeanza kunoa panga.

Mume wangu, Mzee Bukuru, alikuwa anaumwa tangu kiangazi. Alikataa ugali, akakataa uji, akakataa hata mchuzi wa kuku. Alitaka kitu kimoja tu: kumbikumbi wa kichuguu chake mwenyewe, waliokaangwa kwa chumvi. "Nikila hao," alisema, "nitakula na vingine." Mimi nilimwamini. Mgonjwa aliyeacha kula akitaja chakula, hubishani naye. Unatafuta chakula.

Huku kwetu kichuguu hurithiwa kama shamba. Baba mkwe alikuwa navyo viwili, na alikuwa na watoto pacha, Bukuru na Butoyi. Bukuru alitangulia kuzaliwa, akatangulia na kuchagua. Alichukua kile kikubwa cha kilimani. Butoyi akabaki na kile cha bondeni, ambacho ulikuwa hukioni mpaka ukikanyage, kwa jinsi miti ilivyokizunguka.

Nilipoletwa hapa kutoka Mabamba, msichana mbichi ninayejiona najua kila kitu, kile cha kilimani nacho kilikuwa na kichaka chake juu. Nikamuuliza mama mkwe kwa nini tusikate kuni pale, karibu na nyumba, badala ya kutembea mbali. Mama mkwe aliweka mtungi chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote.

"Wewe binti, nikikuezulia paa lako usiku huu, kesho utanipikia?"

Nilikwenda kutafuta kuni mbali, nikinung'unika njia nzima.

Mama mkwe alipofariki, Bukuru alikata kile kichaka chote. Sikumzuia, na sijui kama angenisikia. Alichoma mkaa, kisha akachota udongo wa pembeni akafyatua matofali ya jiko. Alisema kichuguu sasa kinapata hewa. Siku ya ubatizo wa mjukuu, mbele ya watu na pombe ikiwa kichwani, Butoyi akamwambia, "Kaka, umemnyoa baba." Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Bukuru hakucheka. Tangu siku hiyo pacha wale hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja alikuwa anaangalia mawingu na mwingine anaangalia viatu.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Mvua za siku hizi unazijua mwenyewe. Inanyesha siku moja kana kwamba imetumwa, halafu inapotea hadi mahindi yanakunja majani. Kumbikumbi tuliozoea kuwangoja na mvua za kwanza hatujui tena tuwangoje lini. Lakini Bukuru alisema hakuna shida, tutawapigia mvua. Ni kazi ya zamani: unajenga kibanda cha fito juu ya kichuguu, unakifunika kwa majani ya migomba na mablanketi, unamwaga maji kidogo, kisha mnagonga vijiti kwa pamoja ili walio chini wadhani mvua inanyesha.

Katika kugonga, Bukuru hakuwa na mpinzani Kasulu yote. Wakwe zake wawili, waume wa binti zetu, wakambeba kwa machela ya miti, wakamlaza kando ya kichuguu, mwavuli juu. Akaanza kuamrisha.

"Manyunyu! Nimesema manyunyu, nyie mnanipigia mawe! Haya, sasa izidi. Izidi! Mkwe, wewe unatwanga kisamvu?"

Tuligonga. Tulitoka jasho. Jirani yetu Mama Ndayi akatoka mbio kwake akaanua mihogo yake yote, akaja amejitwisha sinia, anatazama juu. Mbinguni hakukuwa na wingu hata la kufutia uso.

"Jamani, mnanyesha kwa kibali cha nani?" akauliza. Akaondoka amekasirika, akaianika upya.

Mwisho akatokea mmoja. Alikuwa chura. Aliingia kibandani taratibu, akakaa katikati, akatazama lile shimo tulilochimba la kukusanyia kumbikumbi, naye akawangoja pamoja nasi.

"Angalau yeye ana masikio," Bukuru akasema, akafumba macho.

Kulikuwa na binti wa chuo kikuu, jina lake Neema, aliyekuwa anapita kwenye vichuguu vya kata yetu kuangalia mchwa wanavyoishi na hii hali ya hewa iliyobadilika. Alifukia vidude vidogo vya kupima joto na unyevu ndani. Bukuru alikuwa anamwita nesi wa mchwa, na kila akipita alimuuliza kama homa imeshuka. Siku ile nilimwita mimi. Alichimba pembeni kwa uangalifu, akaingiza mkono, akatoa udongo mkavu unaomwagika kama unga. Njia za mchwa zilikuwepo, lakini ndani yake hamkuwa na mtu.

"Babu, humu hawamo," akasema. "Kilivyo wazi hivi, ndani kunapata joto sana na kunakauka. Vingine nilivyoona vya namna hii, wamehama au wamekufa. Vyenye miti juu bado vina watu, ila siku za kuruka nazo zimevurugika."

"Na watarudi lini?"

"Sijui, babu."

"Chuo kizima hicho," Bukuru akasema, "na jibu ni sijui."

"Ndiyo, babu. Ningejua nisingekuwa huku juani."

Bukuru akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aumwe. Kisha akageuza uso upande wa pili wa machela, na nilijua kwamba hatakula.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha kweli, na jioni nikaona huko bondeni, juu ya miti ya Butoyi, mabawa yamejaa hewani kama moshi. Nikamwambia mgonjwa wangu.

"Sili cha Butoyi," akasema.

Sikubishana. Nilichukua kanga nikateremka bondeni. Nilimkuta Butoyi amepiga magoti, anasukumia kumbikumbi kwenye ndoo kwa mikono yote miwili, na kuku wake wanakula wengi kuliko yeye.

"Shemeji," nikamwambia, "kaka yako hali chochote. Anataka kumbikumbi, na kichuguu chake kimekufa."

Nilidhani atacheka, maana alikuwa na haki ya kucheka. Akauliza, "Ulimi wake je, nao umekufa?"

"Huo mzima."

"Basi bado ana siku," akasema, akainuka akijishika mgongo.

Alipika mwenyewe. Akapanda kilima na bakuli limefunikwa, akaingia chumbani, na wale wazee wawili wenye sura moja wakatazamana. Mimi nilisimama mlangoni, naomba Mungu kimya kimya.

"Ni wa nani hao?" Bukuru akauliza.

"Wa baba," Butoyi akasema.

Bukuru akafikiri. Aliniangalia mimi, akaliangalia bakuli. Kisha akanyoosha mkono, akachota, akatafuna taratibu.

"Chumvi imezidi," akasema. Akachota tena.

Alikula bakuli lote. Kesho yake alikunywa uji. Butoyi alikuwa anapanda kila jioni, na walibishana juu ya kila kitu, hadi juu ya nani alilia kwanza siku waliyozaliwa, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kulikumbuka.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujapeleka hilo panga shambani, nisikilize. Kichuguu kikiwa na miti juu, kiache na miti yake. Usidhani kichaka kimeota pale kwa uvivu wa waliokutangulia. Ukiona siku za mvua, za maua na za wadudu zimehama, usizilazimishe zirudi kwenye kalenda ya babu yako. Tazama, uliza, na ukiwa hujui sema hujui, hakuna atakayekula kichwa chako. Na ndugu yako akikucheka mbele ya watu, kasirika kwa kiasi, kwa sababu ipo siku kwako patakauka na kwake bado pana kivuli. Mungu akupe udongo wenye unyevu, akupe jirani mwenye subira, na nyumba yako isikose wa kubishana naye jioni.

Mume wangu aliishi mpaka maharage yalipotoa maua. Msibani watu waliniuliza maneno yake ya mwisho, na mchungaji alishika kalamu tayari. Sikuweza kumdanganya mchungaji. Ilikuwa asubuhi, mlango uko wazi, kuku ameingia chumbani anadonoa chini ya kitanda, na Bukuru akasema, "Mtoe huyo kuku."

Nikamtoa. Alinizungusha ua mzima, akapita kwenye majivu, akaruka juu ya banda. Niliporudi ndani, mzee alikuwa ameshaondoka.