Tangi la Samaki Lililonyamaza kwa Mseti

Siku tangi la samaki liliponyamaza sebuleni kwa bosi wangu, kuna aliyekwisha.

Si samaki. Mtu mzima na kitambi chake.

Mimi ni mama Vivian, mjane, darasa la saba, mwimbaji wa kwaya ya Nyarero. Dhahabu ilipopamba moto Nyakunguru, nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa Mseti, mnunuzi wa madini.

Mume wangu Ojwang alifukiwa na kifusi ndani ya duara la Mseti, shimo la kuchimbia. Nilimpigia magoti anitolee mwili nizike.

"Mama, kufukua ni gharama. Si yuko chini tayari? Hesabu amezikwa."

Wenzake wakacheka.

Kisha akanipa kazi ya kumfulia nguo. Nikaichukua. Mtoto alikuwa hajala.

Sasa hilo tangi. Refu kuliko kitanda changu. Maji yaliyozidi yalishuka kwa bomba hadi tangi dogo la chini, pampu ikayarudisha juu. Kelele yake! Kama mlevi anasukutua.

Wauzaji wakikaa pale kusubiri bei, walinong'ona kwa kilugha, kelele ikawafunika. Mseti ikamuuma.

"Nyamazisha hilo dude. Halafu ukae nyuma ya pazia. Wewe si Mjaluo? Utanitafsiria. Na wakija wasalimie kwa Kiswahili, wasijue."

Nikampigia fundi wa Kenya aliyelifunga.

"Mathe, hiyo kelele ni hewa inashuka na maji. Funga koki ya bomba pole pole mpaka bomba lijae maji matupu. Yatakayobaki yatapita bomba la pili. Na ile ncha ya chini izamishe kidogo, maji yasianguke kutoka juu. Sawa?"

Nikafunga. Nikasubiri. Nikalegeza kidogo.

Likakoroma, likakohoa, likanyamaza. Ukaanza kusikia saa ya ukutani.

Wakaja ndugu wawili, Orwa na Odoyo, wanauza duara lao jipya. Mseti alishapima mawe yake, yanawaka dhahabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni soda."

Mseti akaingia chumbani kujifanya ana simu. Mimi nikawa nyuma ya pazia.

Odoyo akasema kwa Kijaluo, "Akichimba mbele kidogo tumekwisha. Unga wa dhahabu tumepaka ukutani mwa shimo tu."

"Ndiyo maana alipe leo," Orwa akajibu, "kabla hajaugusa ule mwamba."

Niliomba. Kweli kabisa niliomba, mkono kifuani. Kisha nikaenda chumbani.

"Wanasemaje?"

"Wanataka ulipe leo, bosi. Kabla hujagusa mwamba wa mbele."

Akapiga paja. "Unaona! Mali iko mbele! Wamesema nini kingine?"

"Wamesema ukiuchimba kabla ya kulipa, wamekwisha."

Alicheka mpaka machozi. "Washamba hawa! Leo leo nawalipa."

Sikuongeza neno. Lile la unga nililiacha nyuma ya pazia.

Akawalipa. Kisha, apate cha kuchimbia, aliuza gari. Aliweka nyumba rehani. Akauza na maduara yake yote ya zamani.

Akachimba msimu mzima. Mwamba mweupe, mtupu kama sahani iliyooshwa. Wale ndugu walishavuka mpaka wa Sirari kitambo.

Aliyenunua maduara ya zamani alikuwa mzee Stanslaus wa Kisaka. Nilimwomba mara moja tu.

"Mama, maiti haikai shimoni kama jembe," akasema, akaita vijana wake.

Ojwang nilimtambua kwa mkanda.

Mazishini Mseti alikuja kwa miguu, kola imelegea. Akaniinamia pale kaburini.

"Mama Vivian, wewe ni mtu wa Mungu. Niombee. Sijui nilikosea wapi."

Nikamshika mkono. Nikamwombea kwa sauti, kirefu, waombolezaji wote wakaitikia amina. Akalia kama mtoto, akanishukuru.

Sikumwambia.

Mpaka leo akiniona njiani anavua kofia.

Funzo langu ni hili: mtu uliyemnyima maiti yake, usimgeuze kuwa masikio yako. Atakuletea maneno uliyomtuma, ila si yote, na utalipia.