Maji ya Kuoga ya Baba

Mama yangu amekaa eda zaidi ya mara moja kwa mume yule yule. Sitii chumvi, maana nguo nyeupe nimezifua kwa mikono yangu mwenyewe kila mara.

Eda ya kwanza ilikuwa ya haki. Baba alifariki, mama akavua hereni, akakaa ndani miezi minne na siku kumi, akatoka. Baada ya hapo akili yake ikaanza kuchuja, tena kwa namna ya ajabu: ya zamani yalibaki, ya juzi yakafutika. Anakumbuka rangi ya kanga alizoletewa siku ya posa, lakini mazishi ya mumewe hayakumbuki.

Asubuhi moja akauliza, "Baba yenu hajarudi Usoke?"

Baba alikuwa akinunua asali. Alikwenda Usoke kwa treni na kurudi ananuka moshi na nta, na sisi tukisikia honi ya treni tulikuwa tunabandika maji yake ya kuoga. Kabla sijafungua mdomo, kaka yangu akamjibu, "Mama, baba alishafariki." Kaka ni mtu wa msikitini, uongo haupiti mlangoni kwake.

Mama alipiga yowe, majirani wakajaa uani. Aliponyamaza, akavua hereni na kuagiza nguo za eda. Tulimweleza kwamba eda alishaikaa. Shehe wa mtaa wetu akaja kumweleza kuwa haina marudio. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akatugeukia sisi wanawe.

"Mbona hamkuniita nimuage?"

Alikuwa amemuaga. Nilikuwepo, nilimshika mkono. Lakini utamwambia nini mtu ambaye hayo hayamo tena kichwani mwake? Baada ya siku chache akasahau, akadai hereni zake kwa ukali kama tumemwibia. Halafu akauliza tena habari za Usoke, na kaka akamwambia tena ukweli. Yowe likawa lile lile, bichi kabisa. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, shikamoo yako iko palepale, lakini leo utanisamehe," nilimwambia. "Huu ukweli wako unamuua."

"Kumdanganya mzazi ni dhambi, mdogo wangu."

"Basi dhambi hiyo iandikwe kwangu."

Tangu siku ile baba akawa yuko Usoke. Mvua imemzuia, wenye mizinga wamemchelewesha, treni imeharibikia njiani. Mama aliilaani treni, akala wali wake, akalala. Kaka alinisikia mara kadhaa, akatazama chini. Nilijiona mshindi, na sikuona haya.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kichwa changu mwenyewe. Mimi nami nina wajukuu. Siku hizi naingia chumbani nisijue nimefuata nini, na mchuzi nautia chumvi mara mbili. Wajukuu wanacheka, "Bibi, uzee huo!" Nacheka nao. Moyoni naogopa sana, kwa sababu ninaiona kila siku njia hii inakofikia. Inaketi kibarazani kwangu na kuniita mwanangu.

Mwezi uliopita, jioni, treni ya kutoka upande wa Kigoma, ile inayopitia Usoke, ilipiga honi. Niliinuka, nikachochea mkaa, nikabandika sufuria kubwa. Maji yalipopata moto nikayamimina kwenye ndoo, nikayapooza, nikayajaribu kwa mkono yawe kama apendavyo. Mama alikuwa kibarazani anachambua kisamvu.

"Maji ya nani hayo?"

"Ya baba."

Sikuwa namdanganya. Ndivyo nilivyojua wakati ule, kabisa, na sikio langu lilikuwa mlangoni.

Mama aliacha kisamvu. Alinitazama kwa macho yake ya zamani, yale ambayo hayakupitwa na kitu tulipokuwa wadogo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "baba yako si alishafariki?"

Nikaketi chini pale pale kando ya ndoo, nikalia. Nililia kwa hofu, na nililia kwa baba, kana kwamba habari imefika sasa hivi. Mama alisogea akanipangusa machozi kwa pindo la kanga, akanibembeleza, akaniambia ndiyo kazi ya Mungu.

Kisha akapeleka mkono sikioni, akaanza kuvua hereni.