Neno Lisilochezewa Mtaani Huruma

Nakumbuka siku moja saa sita mchana, mtaani Huruma hapa Eldoret, nilipomtazama rafiki yangu akipigwa mawe nami nikamwambia mpiga picha asizime kamera. Mwanangu, wewe unayetaka kutengeneza filamu za uhalifu kama nilivyotaka mimi, keti nikueleze. Si habari ninayopenda kuisimulia.

Nilikuwa kijana, na filamu yangu ya kwanza ya wezi na polisi ilikuwa imependwa mjini. Watu waliniita Direkta hata nikinunua nyanya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia moto. Katika filamu ya pili nilitaka nyuso zisizoigiza. Mwizi angenyakua mkoba wa mwanamke sokoni, mwanamke angepiga kelele, nasi tungekuwa tumejificha na kamera ghorofani, juu ya kinu cha kusaga mahindi. Wenye soko hawangeambiwa lolote.

Wa kuigiza mwizi alikuwa Wafula, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa vichekesho.

"Direkta," aliniuliza akijipapasa, "na hii tumbo yangu, si watanishika kweli?"

Tulicheka sana. Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha.

Mama Rael, aliyeuza mboga pale, alitusikia tukipanga. Akaniita kando.

"Wewe kijana, 'mwizi' si neno ya kuchezea hapa. Mtu akiitwa hivyo, hakuna mwenye anauliza jina yake. Zunguka kwanza uambie watu."

"Lakini Mama, wakijua watatazama kamera."

"Si watazame!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakuongeza kwamba mara nyingine guu lenyewe huwa la mwenzako.

Kesho yake Wafula alinyakua mkoba, akakimbia. Mwigizaji wetu wa kike akapaza sauti: "Mwizi!" Neno hilo moja lilitoka kinywani mwake, likarudi kwa vinywa mia. Vibanda vilitema watu. Nilimwona Wafula akigeuka kwa uso wa kuigiza, kisha nikaona uso huo ukibadilika. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimwangusha. Alikuwa akisema kitu ambacho huko juu sikukisikia.

Mpiga picha aliinua kichwa. "Direkta, nizime?"

Mwanangu, mwanga ulikuwa mzuri. Vumbi lilipanda kama moshi, na kila uso ulikuwa wa kweli. Nikasema, "Endelea. Usizime."

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilishtuka nilipoona mtu akija na nondo, ndipo nikateremka ngazi. "Ni sinema!" nilipiga kelele. "Ni mchezo tu!"

"Huyu naye ni mwenzake!" mtu akasema, na mkono ukanikaba shati. "Mshikeni pia!"

Aliyetuokoa ni Mama Rael. Alipenya katikati ya watu, akafungua leso kiunoni, akaitupa chini mbele ya Wafula. Kina mama wa kwao, zamani, walitupa mshipi wao wa uzazi kati ya wapiganaji, na hakuna mwana wa mwanamke aliyethubutu kuuvuka. Nusu ya watu pale walikuwa wageni, desturi hiyo hawakuijua. Lakini walioijua walisimama ghafla, na waliokuwa nyuma yao wakasimama pia.

"Mwenye atavuka hiyo leso," alisema polepole, "amevuka tumbo yenye ilimzaa."

Nondo ikashushwa. Wafula akabaki hai, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena. Tulipokuwa tukimwinua, Mama Rael alinitazama mara moja tu. "Huyu aliamini wewe," akasema. "Hakuamini karatasi yako ya sinema."

Ungedhani niliitupa picha ile. Niliitumia. Ukumbini watu walipiga makofi, wakasema filamu ni kama kweli. Wafula aliinuka katikati ya makofi, akatoka akipapasa ukuta.

Filamu zilizofuata zilianguka. Watu husema kipaji changu kilikuja na kuondoka kama mvua ya Machi. Sivyo. Ni kwamba kila mwigizaji niliyemwambia "kimbia" alitazama nyuma kwanza. Nikabaki kupiga picha za harusi Kapseret na mazishi Moi's Bridge, miaka mingi, kabla sijapata tena watu wa kuniamini.

Siku niliyokwenda kumwomba Wafula msamaha, nilimkuta kazini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Niambie kitu moja tu," akasema. "Ukiwa huko juu, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Akashusha miwani yake myeusi, akaendelea kuchomelea.

Basi, mwanangu, sikukatazi kazi hii. Nakuagiza tu: kabla hujasema "anza", zunguka uwaambie watu. Mwenye mtaa akikukanya, nyamaza umsikilize. Yeye anajua maneno yapi kwake yana meno. Na ukiona picha nzuri ambayo ndani yake mtu anaumia kweli, iache, ukamwinue. Uzuri mwingine utaupata kesho.

Mungu akupe macho makali, na moyo unaoyatangulia. Kazi yako ipendwe, na wote walioifanya nawe warudi kwao wazima.