Mwosha wa Bongwe

Asubuhi ile Twaiba alimaliza kuoga, akajipaka mafuta mwili ungali na maji, kama alivyofundishwa. Viwiko, magoti, viganja. Mgongoni mkono haukufika. Akamwita mumewe, Waziri. Mzee yule alimsogezea mwiko uliofungwa kitambaa, akatoka nje kufungulia mbuzi. Miaka minne alikuwa akimsogezea mwiko ule. Twaiba alibaki akichuma kunde nyuma ya nyumba. Adhuhuri walimkuta ameanguka juu ya majani. Moyo, walisema.

Twaiba alikuwa mwosha. Miaka thelathini, mwanamke akifa Bongwe, yeye ndiye aliyeitwa. Wanaoosha leo wengi aliwafundisha yeye: namna ya kukanda tumbo taratibu, namna ya kumgeuza maiti asifunuke. Kisha magamba yakamtoka viganjani, meupe, juu ya wekundu uliopasuka. Watu wakasema ni uchafu wa maiti, umemrudi.

Daktari wa Msambweni alimweleza. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Kinga ya mwili imekosea adui, inaipiga ngozi yake yenyewe, nayo ngozi inaota mbio mbio na kupukutika. Haumpati mtu kwa kugusana. Hauponi, lakini hutulia ukiutunza: mafuta, dawa bila kuruka siku, usijikune, usinunue krimu za mitaani. Twaiba aliyashika yote. Viganja vikatulia, vikabaki na wekundu kidogo. Akarudi msibani na maneno ya daktari.

Mama Luqman, mwanafunzi wake wa kwanza, alimzuia penye pazia.

"Shoga, wewe kaa nje utukatie sanda."

"Hauambukizi huu. Daktari kasema."

"Basi daktari naye aje aoshe."

Wanawake wakacheka, na maiti yuko mbele yao.

"Mwosha huoshwa, Mama Luqman."

"Huoshwa. Lakini si kwa mikono yangu."

Hakuwa akitania. Siku alipokufa Twaiba walikuja wanawake sita, wakaketi barazani, mikono mapajani. Alisema Mama Luqman, "Tummwagie maji juu ya nguo. Yatosha."

Waziri hakukubali mkewe azikwe hivyo. Alimwendea imamu. Imamu akasema mume ana ruhusa ya kumwosha mkewe.

Mama Luqman akampa glavu, akasimama mbali, kata ya maji mkononi. Waziri akazivaa. Mpira uliteleza, kumgeuza kukamshinda. Mara mbili kichwa cha Twaiba kiligonga ubao.

Sauti ikatoka nje ya pazia: "Pole pole, mzee, utamwamsha."

Akazivua. Akamwosha kwa mikono mitupu, akianza upande wa kulia, mara tatu. Miaka minne hakuwa amemgusa. Ngozi ilikuwa baridi, laini kwa mafuta ya asubuhi. Hapakuwa na kitu cha kuogopa. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, na Waziri hajatokwa hata na kipele.

Miaka minne nyuma, siku Waziri alipohamishia mkeka wake chumba cha pili, Twaiba hakulia wala hakumshika. Alimtandikia mwenyewe, akanyoosha shuka, akasema: "Lala huko, bwana. Lakini ukitangulia kufa, nitakuosha mimi, na glavu sitavaa."