Mkono Ndani ya Bomba la Hewa

Juzi, kwenye gereji moja ya mtaa wetu wa Soweto, fundi alifungua bomba la hewa la gari langu, na harufu iliyotoka humo ikanitoa nje kwenda kutema mate.

Harufu hiyo niliijua tangu nikiwa msichana mdogo, tukiishi Mafinga. Pikapu ya baba ilibeba mbao, na vumbi la viwandani lilikuwa likiiziba pumzi. Baba akaamua kulipandisha bomba la kuingizia hewa kwenye injini hadi usawa wa kioo cha mbele. Alilainisha bomba jipya la plastiki juu ya jiko la mama ili alikunje, moshi wake ukatukaba koo. Alipong'oa bomba la zamani, akakuta limejaa majani makavu.

“Binti yangu, mkono wako mdogo. Hebu yavute.”

Nikavuta majani, kisha kitu laini chenye majimaji. Alikuwa panya aliyeoza. Manyoya yake yalininata vidoleni, funza wakanitambaa kiganjani. Nikatapika palepale.

“Usiache! Mkia bado uko ndani,” baba alisema huku akicheka.

Mama akaja mbio. “Baba watoto, mkono wa mtoto umeufanya koleo?”

Alinisugua kwa jivu na sabuni hadi ngozi ikauma. Baba aliutoa mkia kwa waya, akautupa kwa vidole, akajifuta kwenye suruali. Alipofunga bomba jipya na kuliwasha gari, lilinguruma vizuri mno, naye akafurahi.

Mchana tulizunguka ugali. Baba, bila kunawa, akamega tonge, akalichovya kwenye bakuli letu sote, kisha akaniuliza kwa upole, “Mbona huli?”